Michezo ya biashara ya enzi za kati: ununue upi kwanza?

Mchezo mzuri wa mezani unaohusu biashara humlazimisha kila mchezaji kuingilia mambo ya mwenzake. Nimeipanga orodha hii kwa kigezo hicho. Wingi wa vipande na uzuri wa picha sikuupa uzito, maana boksi la bei kubwa ambalo kila mtu analicheza kivyake huishia kabatini mapema.

Wa kwanza ni Hansa Teutonica, kazi ya Andreas Steding iliyotoka mwaka 2009. Ramani yake ni kaskazini mwa Ujerumani, enzi ambazo wafanyabiashara wa Lübeck, Hamburg na Bremen walikuwa ndani ya Hansa, muungano wa miji ya biashara. Unajaza njia kati ya miji miwili kwa wachuuzi wako, yaani vipande vyako vya kuchezea. Ikijaa, ama unafungua ofisi katika mji mmojawapo, ama unaongeza uwezo wako: vitendo vingi zaidi kwa zamu, akiba kubwa zaidi, na kadhalika.

Utamu wenyewe uko kwenye kufukuzana. Mwenzako akiitaka nafasi uliyoikalia, anaweza kukuondoa, lakini atalipa mchuuzi mmoja wa ziada kutoka akiba yake, nawe utaongezewa mmoja na kuwapanga wote wawili kwenye njia za jirani. Ndiyo maana mara nyingine unamweka mchuuzi wako njiani ukiomba afukuzwe. Göttingen hugombaniwa tangu mwanzo, kwa sababu ndiko unakoongeza vitendo, na kila mmoja huanza na viwili tu. Kisha anayeutawala mji hupata pointi kila mtu mwingine anapokamilisha njia inayogusa mji huo, kwa hiyo jirani anakuchumia hata asipotaka. Hakuna dadu, na bahati ni ndogo sana. Wacheza bao watauelewa haraka. Tafuta toleo la Big Box la 2020, lenye ramani za nyongeza ikiwemo ya Britannia. Kama nyumbani mko wawili tu, usianze na huu. Unahitaji watu wanne au watano ili njia zibanane.

Wa pili ni The Great Zimbabwe wa Splotter Spellen, kampuni ndogo ya Uholanzi, wa mwaka 2012. Huu unatugusa: dhahabu ya nyanda za Zimbabwe ilishuka hadi bandari ya Sofala na kupitia mikononi mwa Kilwa, na sarafu ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa imepatikana kwenye magofu ya Great Zimbabwe. Fedha ya mchezo ni ng'ombe. Unainua minara yako kwa bidhaa za mafundi, na ukitumia fundi wa mwenzako, ng'ombe wanaingia zizini kwake. Kila mchezaji huanza na lengo la pointi 20, lakini kila mungu au mtaalamu unayemchukua akusaidie analisogeza lengo lako mbali zaidi. Ni mchezo mgumu na wa bei ghali, na mara nyingi huisha sokoni. Wanaoanza wasubiri kwanza.

Marco Polo wa 2015 nauweka wa tatu. Ni safari ya kutoka Venice hadi Beijing kwa raundi tano, kila mtu na dadu zake tano. Wahusika wake wana nguvu za ajabu. Mmoja harushi dadu kabisa, anachagua namba anazotaka. Kubanana kupo, lakini ni kwa fedha tu: ukikuta nafasi ina dadu ya mwenzako, unalipa na kuendelea. Kwa watu wawili, huu ndio wa kuchukua.

Orléans, wa nne, unapendeza na ni mpole, ila kila mtu hushughulika zaidi na mfuko wake wa vipande.

Wa familia ni Sheriff of Nottingham. Unatia bidhaa mfukoni, unatangaza kilichomo, na sherifu, yaani afisa anayekagua mizigo, anaamua aukague au apokee rushwa. Maongezi yote mtayafanya kwa Kiswahili, jambo ambalo hunogesha sana.

Kabla ya kulipa, thibitisha lugha ya kitabu cha kanuni, maana baadhi ya matoleo ni ya Kijerumani. Ukiagiza nje, hesabu nauli na ushuru pamoja na bei. Hansa Teutonica na Marco Polo zinachezeka pia kwenye tovuti ya Board Game Arena. Zijaribu huko kwanza.