Insight Timer: kengele ndiyo mali

Ukiifungua Insight Timer, programu ya simu ya kutafakari (kukaa kimya ukifuata pumzi), mara ya kwanza utadhani umeingia Kariakoo siku mbili kabla ya Idi: maelfu ya rekodi, walimu, kozi, muziki wa kulalia. Wengi hupotelea humo. Dakika kumi walizotenga zinaishia kwenye kuchagua nani awatulize, na hawajakaa kimya hata dakika moja. Pita moja kwa moja hadi kwenye kipima muda. Ni cha bure, na kengele haihitaji mkalimani, tofauti na rekodi ambazo sehemu kubwa ni za Kiingereza. Kupakua rekodi usikilize bila bando ni huduma ya kulipia.

Tega hivi: dakika 10, maandalizi sekunde 20 za kuilaza simu kifudifudi mbali na mkono, kengele ya kuanza, ya kumaliza, na moja dakika ya 5. Hiyo ya katikati usiidharau. Aliyetoka kazini na ada za shule kichwani anakuwa ameshahama zamani, nayo humrudisha. Sauti ya mvua au mto izime. Hufunika makelele, ila huleta usingizi. Chagua kengele nzito, uufuate mlio wake unavyofifia mpaka upotee kabisa. Kisha hesabu pumzi kila unapoitoa, moja hadi kumi, urudi moja. Ukijikuta kwenye kumi na nne, akili imeshatoroka. Anza tena moja, bila kujikaripia.

Usivute pumzi kwa nguvu. Kizunguzungu mara nyingi hutokana na kupumua kwa kina kuliko mwili unavyohitaji, kabonidayoksaidi ikapungua kwenye damu. Na usikae kutafakari mara tu baada ya sahani ya ugali. Utalala.

Kengele ya mwisho isipolia, angalia simu kwanza. Simu nyingi za Android huzibana programu kioo kikizimika ili kutunza chaji. Ingia Mipangilio, kisha Betri, uiondolee programu hii kizuizi. Angalia pia sauti ya midia. Ya mlio wa simu inaweza kuwa juu huku hiyo iko sifuri. Washa “Usinisumbue”, la sivyo kundi la WhatsApp la harusi litakumaliza.

Kwenye daladala, tega dakika pungufu ya safari usipitilize kituo. Macho wazi, mkoba mapajani, na badala ya kuhesabu pumzi sikilizia nyayo zinavyogusa sakafu. Foleni ya Ubungo inatosha kabisa. Dereva asijaribu.

Tusichokipenda ni hesabu ya siku mfululizo ulizotafakari, ambayo programu hukuonyesha. Mtu akikosa siku moja kwa msiba anaona ameharibu, anaacha kabisa. Ipuuze. Wala dakika 10 zisichanganywe na kozi ya wiki 8 ya kupunguza msongo kwa kutafakari, aliyoianzisha Jon Kabat-Zinn katika Chuo Kikuu cha Massachusetts mwaka 1979: ile hudai kama dakika 45 kila siku, kwa hiyo usidai matokeo yale yale.

Aliyepitia tukio la kutisha anaweza kukuta kimya na macho yaliyofumbwa vinamrudishia picha zile zile. Huyo afumbue macho, atazame kitu kimoja chumbani, na zikiendelea azime kipima muda amwone mshauri nasaha.