Tahadhari: DAC ya "Sabre" ambayo chipu yake imefutwa jina

Wadau wa muziki wa nyumbani, nimepigwa. Na kwa kuwa tangazo lenyewe bado liko hewani, naandika kabla hajapigwa mwingine.

Nilikuwa natafuta DAC ya bei nafuu ya kukaa kati ya kompyuta na amplifaya. Kwa wasioijua, ni kile kiboksi kinachopokea namba za muziki wa dijitali na kuzigeuza kuwa umeme ambao amplifaya inauelewa. Tundu la sauti la kompyuta yangu lilikuwa kero: ukisogeza kipanya, spika zinakwaruza. Kiboksi nilichokiona tangazoni kilikuwa cheusi, cha alumini, kimepigwa picha juu ya kitambaa chekundu, na maelezo yake yakanimaliza kabisa. Chipu ya ES9018K2M, ya familia ya Sabre ya kampuni ya ESS, biti 32, kHz 384 (biti ni undani wa kila namba ya sauti, kHz ni maelfu ya namba hizo kwa sekunde), na kitufe cha kubadili filta, yaani namna ya kulainisha sauti. Bei haikuwa ya kutupa, ila ilikuwa chini kiasi cha kunifanya nijione mjanja.

Kikafika, nikakichomeka, muziki ukatoka safi tu. Siwafichi: wiki ile ya kwanza nilikuwa natangaza kwamba sasa nasikia mpaka mwimbaji anavyovuta pumzi. Marafiki hawajaacha kunitania.

Shida ni kwamba ule mkwaruzo wa kipanya ulikuwa bado upo, kwa mbali. Nikamwandikia muuzaji. Akajibu upesi, kwa upole wote: "Bosi wangu, hiyo bado haijafunguka. Ipigishe saa 300 kwanza, ndiyo utaijua."

Hebu pigeni hesabu. Saa 300 bila kuzima ni siku 12 na nusu. Muda wake wa kurudisha mali ulikuwa siku 14, na alianza kuzihesabu siku aliyotuma mzigo, si siku niliyopokea. Mimi nasikiliza kama saa nne kwa siku, kwa hiyo saa 300 zangu ni siku 75. Chipu si kiatu kipya kwamba italainika mguuni. Ikishapata joto kwa dakika chache, imefika. Mtu akikwambia usubiri saa mamia ndipo uhukumu, jua anasubiri siku zako za kurudisha ziishe.

Zangu ziliisha. Siku moja nikapiga faili la kHz 96, nikataka tu kuona kama kweli kiboksi kinalipokea hivyo. Natumia Linux, nikaandika amri ya lsusb, inayoorodhesha vifaa vilivyochomekwa kwenye USB. Kikajitaja: 08bb:2704, Texas Instruments (TI), kampuni nyingine kabisa ya chipu. Nikachimba zaidi, jina la kifaa likaja "USB Audio DAC", mtengenezaji "Burr-Brown from TI", jina la chipu za sauti za TI. Sasa chipu ya ESS itajitambulishaje kwa jina la Texas Instruments? Hiyo 2704 ni PCM2704, chipu ya zamani yenye heshima zake, lakini mwisho wake ni biti 16 na kHz 48. Kumbe kila faili la kHz 96 nililopiga, kompyuta ilikuwa inalishusha kimyakimya kabla ya kulipeleka.

Nikajipa moyo kwamba pengine hiyo inapokea USB tu, na Sabre imekaa nyuma yake. Viboksi vingi vizuri vimejengwa hivyo, chipu moja ya kupokea na nyingine ya kugeuza. Nikachukua bisibisi. Skrubu nne, moja imefunikwa makusudi na kibandiko cha dhamana. Nikakibandua.

Ndani kulikuwa na chipu moja tu ya maana. Miguu 28, na juu yake ES9018K2M kwa herufi nyeupe zinazong'aa kama za bango. Maandishi ya chipu halali mara nyingi yamechomwa kwa leza, ya kijivu hafifu, unayasoma kwa kuinamisha taa. Nikachovya kijiti cha pamba kwenye asetoni nikasugua taratibu. Herufi zikaondoka. Kisha pamba ikatoka nyeusi, maana uso mzima ulikuwa umepakwa rangi upya, na chini ya rangi kuna mikwaruzo ya msasa, yote imelala upande mmoja. Aliyefanya kazi ile ana akili, lazima nimpe haki yake: chipu zote mbili zina miguu 28 na umbo linalokaribiana, kwa hiyo jicho peke yake halikamati kitu. Alichosahau ni kwamba jina unaweza kulifuta usoni, lakini ukiichomeka inaongea yenyewe.

Na kile kitufe cha filta? Nyaya zake zinaenda kwenye taa, basi. Ukibonyeza, taa inatoka bluu inakuwa kijani. Mimi nilikuwa nimeshachagua filta ninayoipenda. Ya kijani.

Nilimtumia muuzaji picha ya chipu na pamba. "Umeshafungua bosi, dhamana imekufa." Tangu hapo ujumbe wangu haumfikii.

Niseme haki: kwa muziki wa kiwango cha CD, yaani biti 16 na kHz 44.1, PCM2704 inacheza bila aibu, na CD imetutosha tangu 1982. Kinachoniuma ni kulipia nyama nikapewa mchuzi.

Kwa hiyo kama unatafuta DAC ya bei nafuu, usianze kwa kuisikiliza. Siku ileile inapofika, ichomeke kwenye kompyuta, kabla hata ya kuiunga na amplifaya. Kwenye Windows nenda kwenye sifa za kifaa cha sauti, sehemu ya Advanced, uone orodha ya viwango. Kwenye Mac fungua Audio MIDI Setup. Kama tangazo limesema 384 na orodha inaishia 48, piga picha ya skrini na udai pesa yako hapohapo, kibandiko kikiwa mahali pake. Ila orodha ikiwa sawa usishangilie sana, maana kompyuta inaijua chipu inayopokea tu, ile ya nyuma haiioni.

Ndiyo maana jina kamili la chipu ni muhimu. Chukua Sabre nyingine ya ESS: "ES9038" peke yake si jina. Kuna ES9038PRO, ya chaneli nane na miguu 64, na kuna ES9038Q2M, ya chaneli mbili, ndogo, ya vifaa vya kubeba. Zote ni halali, lakini anayekuandikia nusu ya jina anataka ujaze nusu iliyobaki kwa matumaini yako. Biti 32 nazo zisikutoe jasho: hata DAC bora kabisa zikipimwa hufikia biti 20 au 21 hivi za kweli. Mimi sasa naangalia kama kuna mtu amepima kile kiboksi kwa mashine, na kama kinatoa takriban volti 2 kwenye RCA, yale matundu mawili ya kwenda kwenye amplifaya. Kama hakuna vipimo popote, napita.

Kuweni macho zaidi na "stoku ya zamani", chipu adimu zinazodaiwa kubaki ghalani. Kiwanda cha chipu cha AKM kule Nobeoka, Japani, kiliungua Oktoba 2020, chipu zao zikaadimika, na uhaba wa namna hiyo ndio shamba la wenye msasa. TDA1541A, chipu ya DAC ya Philips, ile ya daraja la S1 yenye alama ya taji juu yake, ni hadithi hiyohiyo: haitengenezwi tena miaka mingi, lakini taji jipya linachapishwa kila leo.

Jana nimeliona tangazo tena, akaunti jina jingine. Kitambaa chekundu ni kilekile, kiboksi ni kilekile, na sasa chipu imeandikwa AK4497, ya AKM. Taa ya filta kwenye picha inawaka kijani.