Uzoefu wangu: nilivyolihamishia grupu letu la wafugaji kuku kwenye Jumuiya ya WhatsApp

Grupu letu la wafugaji wa kuku lilianza 2017 tukiwa watu 14, wengi wa Chanika na Kivule, Dar es Salaam. Mwaka jana tulipofika 300 na ushee lilikuwa halisomeki tena. Mtu anauliza kwa nini vifaranga wake wanasinzia na kushusha mabawa, kabla hajajibiwa swali lake limeshafunikwa na bei za trei za mayai, salamu za Ijumaa na video za mahubiri. Kuna swali la namna hiyo lilikaa saa sita. Mwenyewe alipopata jibu alikuwa amebakiwa na kuku wanane. Siku ile nilikuwa hewani muda wote na sikuliona, na hadi leo linaniuma.

Ndipo nikaitazama vizuri Jumuiya, ambayo WhatsApp waliitoa Novemba 2022 pamoja na kura, mwezi uleule walioruhusu grupu moja kubeba watu 1,024. Unakusanya magrupu yako chini ya mwavuli mmoja, na juu yake panakuwa na Matangazo, ambamo wanaandika maadmini tu. Kilichonivuta zaidi ni namba za simu: mwanachama wa kawaida anaziona za wale walio naye grupu moja, si za Jumuiya nzima. Kina mama wetu waliochoka kupigiwa usiku na watu wasiowajua walikuwa wanakililia kitu hicho.

Kosa nililifanya mimi. Jumapili usiku nilifungua Jumuiya, nikatengeneza magrupu mapya sita, nikalifunga lile la zamani ili watu wahame, nikalala. Sikumwambia mtu. Asubuhi, hata chai sijanywa, mzee mmoja wa Gongo la Mboto akanipigia: "Admini, tumekukosea nini mpaka utufunge midomo?" Hadi jioni watu 21 walikuwa wametoka.

Mmoja wao alikuwa mama niliyeanza naye tangu wale 14. Nilimfuata Kivule. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanipa simu yake nijionee. Kioo kina ufa katikati. Akanionyesha picha aliyokuwa ameihifadhi: alifungua Matangazo akidhani ndilo grupu letu, na pale chini panapoandikwa hapakuwa na pa kuandika. "Mwanangu, nikajua nimefukuzwa," akasema. "Nikakaa siku nzima najiuliza nimemuudhi nani." Nilimwomba radhi palepale, mbele ya wajukuu zake.

Nilivyorudi nikalifungua grupu la zamani, jina lilelile, picha ileile ya jogoo mwekundu. Mapya nikabakiza mawili: magonjwa na chanjo, na soko. Baada ya hapo kila wiki tulileta kitu kimoja tu, nakieleza kwa sauti ya dakika moja, maana wengi wetu husikiliza huku mikono imo kwenye pumba.

Kilichokubalika haraka kuliko vyote ni kubandika ujumbe juu. Tulibandika ratiba ya chanjo: siku ya 7 kideri, ya 14 gumboro, ya 21 kideri tena, ya 28 gumboro tena. Mwisho wa kubandika ni siku 30, kwa hiyo kila mwezi naubandika upya, na swali la "chanjo ya pili lini?" limepungua sana. Kuhariri ujumbe nako kumetuokoa: kijana mmoja aliandika trei 5,800 badala ya 8,500, akarekebisha kabla ya zile dakika 15 kwisha. Zamani angeshinda akigombana na wateja mpaka magharibi.

Kura tunaitumia kupanga siku ya kuchukua vifaranga kwa pamoja, na kwa hilo inafaa mno. Ila tulipojaribu kuichagulia mweka hazina, kila mtu aliona nani kamchagua nani, na watu wawili hawakusalimiana kwa wiki mbili. Uchaguzi tumeurudisha kwenye karatasi, kwenye mkutano wetu wa Chanika. Ukiwa na kikundi cha watu wanaojuana, zingatia hilo.

Waliorudi ni 17. Yule mama wa Kivule alirudi wa kwanza, na sasa yuko grupu la magonjwa kutwa nzima. Wiki iliyopita mfugaji mpya wa Kigamboni alituma picha ya kinyesi cha kijani saa 11 alfajiri. Dakika nne baadaye ikaingia sauti ya mama, jogoo anawika nyuma yake: "Watenge hao wanaosinzia sasa hivi, mtu asiingie bandani na viatu vya nje, na usiuze hata mmoja. Kukipambazuka tu mpigie bwana mifugo. Mimi niko hapa, niambie alichosema."