Nati zinazolegea: ununue nini kwa pikipiki, pawatila na mashine ya kusaga

Pikipiki inayokula rasta za barabara za vumbi za Makete, pawatila la Usangu, mashine ya kusaga ya dizeli: ugonjwa wao ni mmoja. Leo umekaza, wiki ijayo nati inacheza. Nenda Mwanjelwa kwenye maduka ya spea, utapewa washa ya springi, ile pete ya chuma iliyokatwa na kupinda, kabla hujamaliza kueleza shida. Ndiyo niliyoiweka mwisho kabisa kwenye orodha hii.

Lakini anza na bolti yenyewe. Bolti ikikazwa inavutika kidogo, na mvutano huo ndio unaobana vipande viwili visiteleze. Mwaka 1969 mhandisi Gerhard Junker alionyesha kwamba kinachofungua nati hasa ni vipande kutelezatelezana pembeni. Vikibanwa sawasawa havitelezi, na nati inatulia. Bolti laini isiyo na alama haivumilii kukazwa hadi hapo, inavutika na hairudi. Tafuta iliyogongwa 8.8 kichwani, ndiyo alama ya ugumu wake. Ya M8, yaani unene wa milimita 8, inakazwa kama Nm 25 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), ya M10 karibu Nm 50.

Na usiseme tu "nipe ya spana 14". Bolti mbili za M10 zinaweza kutofautiana nyuzi, moja ina nafasi ya milimita 1.25 kati ya uzi na uzi na nyingine 1.5, na ukilazimisha unaharibu zote. Nenda na ya zamani mkononi.

Sasa dawa zenyewe. Namba moja kwa kazi nyingi ni lokinati, ile yenye pete ya nailoni ndani. Ijaribu hapo hapo kaunta kwa vidole: itaingia vizuri, halafu bolti ikigusa nailoni igome mpaka uombe spana. Ikiendelea kuzunguka kwa vidole, irudishe hata kama inang'aa. Ukishakaza, nyuzi moja au mbili za bolti zitokeze juu ya pete. Bolti fupi isiyoifikia nailoni haijafungwa na chochote. Kila ukifungua, nailoni inachoka, kwa hiyo kwenye breki na usukani mimi naweka mpya. Haipendi joto: ikipita nyuzijoto 120 hivi, nailoni inalegea. Usiiweke kwenye egzosi. Huko nunua nati ya chuma tupu iliyobanwa mdomo, ambayo ukiitazama kwa juu tundu lake si duara kamili.

Namba mbili ni gundi ya nyuzi, ya bluu. Hii ni ya bolti zinazoingia moja kwa moja kwenye injini au chasisi, zisizo na nati upande wa pili. Inaganda ikikosa hewa na kugusa chuma, ndiyo maana kichupa huja na nafasi kubwa ya hewa ndani, hujapunjwa. Futa oili kwanza kwa thina, weka tone moja au mawili, kaza, uache. Kwa kawaida inakomaa baada ya saa 24, lakini baridi inaichelewesha sana, na baridi ya Uyole mwezi Juni unaijua. Ukifunga jioni na kuwasha pikipiki alfajiri, umeipotezea kazi. Ya Loctite 243 ni ya kundi hili na unafungua kwa spana ya kawaida. Nyekundu iache, labda kwa kitu ambacho hutaki kukifungua tena: kuitoa kunahitaji moto wa nyuzijoto 250 hivi. Wala usipake gundi hii kwenye bolti za makava ya plastiki, yatapasuka.

Kwa nguvu peke yake, washa pacha za kabari kama Nord-Lock zinazishinda hizo zote. Ni mbili zinazolaliana, na miteremko ya ndani yake ni mikali kuliko mwinamo wa nyuzi, hivyo nati ikitaka kurudi inajikaza yenyewe. Bei ndiyo imezishusha hadi namba tatu, na mara nyingi ni za kuagiza. Mwenye mashine ya kupasua mbao Mafinga anaweza kuona faida yake. Wa bodaboda hana haja nazo.

Nati mbili kwenye bolti moja ni rahisi na zinafaa, mradi nyembamba itangulie ndani na nene ije juu. Mafundi wengi wanageuza. Nati ya taji na pini yake, kwenye ekseli, haizuii kulegea, inazuia nati isidondoke njiani. Pini ni mpya kila mara, si msumari.

Washa ya springi ndiyo ya mwisho. Mwongozo wa bolti wa NASA, shirika la anga la Marekani, wa mwaka 1990 unaeleza kwamba bolti ikishakazwa sawasawa, washa hiyo imelala bapa na haizuii tena chochote. Ikija bure na bolti, sawa. Kuinunua peke yake, hapana.

Kuna pahali ambapo dawa zote hizi ni hasara: mashine ya kusaga iliyofungwa juu ya magogo. Nati haijarudi nyuma hata kidogo, ni mbao iliyokauka na kubonyea. Nunua washa pana na nene, kaza, chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye washa. Siku inayofuata ikilegea na mstari haujavunjika, kaza tena na uchore upya, mpaka mbao itulie.