Dawa ya zambarau ya kupulizia vidonda vya kuku: uzoefu wangu

Nimeipa nyota tatu kati ya tano, na nitaeleza hizo mbili zilizobaki zimeishia wapi.

Mtetea wangu, Kidoti, alianza kuzubaa. Wenzake wanachakura, yeye kajikunyata kwenye kona, mkia chini, macho nusu yamefumba. "Mama, Kidoti amelala mchana," mwanangu aliniambia, nami nikapuuza kutwa nzima. Nilikosea. Kuku huficha ugonjwa hadi ashindwe, kwa hiyo ukimwona hivyo ujue hajaanza leo.

Mawazo yangu yalikwenda kwenye minyoo, kisha kwenye yai lililokwama. Nikampapasa tumbo: laini, hamna kitu kigumu. Nyayo zilikuwa safi, hazina kile kigaga cheusi cha katikati kinachoonyesha unyayo umeambukizwa. Gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo, bado lilikuwa na nafaka za jana ilhali lilipaswa kuwa tupu asubuhi. Hapo nikajua mwili umesimama, ila sikujua kwa nini. Nilipoinua bawa la kulia ndipo vidole vilipokutana na manyoya yaliyogandamana, na harufu ikanipanda puani. Ngozi ilikuwa imechanika ubavuni, urefu wa kidole changu cha kati. Ni kucha za jogoo wakati wa kupanda. Manyoya ya mgongoni mwa Kidoti yalikuwa yamekwanguka wiki kadhaa, nami nilikuwa nikidhani ananyonyoka tu. Kwa hiyo mpekue kuku mwili mzima, hasa chini ya mabawa, kabla ya kukimbilia dawa ya minyoo.

Sasa dawa yenyewe. Ni ya jamii ya GV (gentian violet, rangi ya zambarau ya kuua vijidudu vya vidonda), ile inayopaka kila kitu rangi. Maelezo ya chupa yanasema: safisha jeraha, pulizia, rudia kila siku. Hilo neno "safisha" limepita kama mchezo, kumbe ndilo lililobeba tiba karibu yote. Nilimfunga Kidoti kwa taulo, lakini si kwa kumkaza kifua. Kuku hana kiwambo cha kupumulia kama sisi. Hupumua kwa kupandisha na kushusha mfupa wa kifua, ukimbana hapo unamnyima hewa. Nilikata manyoya ya kuzunguka kidonda kwa mkasi, sikuyang'oa. Nikachemsha maji, nikatia gramu 9 za chumvi kwa lita moja, nikaacha yawe vuguvugu, kisha nikayasukuma kidondani kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tena na tena. Kulikuwa na mayai ya nzi, meupe, yamejipanga pembezoni. Ningechelewa siku moja zaidi ningekuta funza. Mwisho nikapitisha iodini niliyoizimua hadi ikawa na rangi ya chai hafifu.

Kisha nikapulizia. Mlio ule wa "tsss" ulimtia wazimu, akanipiga mabawa usoni. Tangu hapo nilipulizia kwenye shashi kwanza, halafu nikampaka.

Siku ya tatu nikapata hofu kubwa. Pembezoni mwa zambarau ngozi ilikuwa ya kijani. Nikasema hapa pameoza, nikambeba hadi kwa daktari wa mifugo. Daktari aliifuta rangi kwa shashi na maji ya chumvi, akanusa, akacheka kidogo. Ile kijani ilikuwa damu iliyovilia. Michubuko ya ndege hugeuka kijani baada ya siku mbili tatu, kwa sababu mwili wao hauna kimeng'enya cha kuibadilisha rangi hiyo kuwa manjano kama kwetu. Hapo ndipo nyota ya kwanza ilipopotea: dawa inaficha kidonda. Usaha wa kuku haumiminiki, hukaa kama kibonge kikavu cha jibini, na chini ya zambarau hutauona. Nilielekezwa niache kupaka katikati, nipake tu ngozi ya pembeni isiyo na jeraha.

Nyota ya pili imeondolewa na kimya cha chupa kuhusu mayai. Zipo nchi zisizoruhusu rangi hii kwa wanyama wanaoliwa au wanaotaga mayai ya kula, na mimi nililisikia hilo kwa daktari baada ya kuwa nimeshakula mawili. Alimwandikia Kidoti dawa ya kuua vijidudu na ya maumivu, akanitajia siku za kutupa mayai. (Usijitafutie mwenyewe krimu za binadamu zenye ganzi, ndege huzidiwa nazo upesi.)

Sasa sifa zake, maana zipo. Kuku wakiona wekundu hudonoa, na mmoja akishaonja damu wote hufuata. Zambarau inaua wekundu ule kabisa. Nilimtenga Kidoti kwenye boksi lenye joto hadi kigaga kikakauka, nikampaka pembeni, nikamrudisha bandani jioni. Hakuna aliyemgusa. Kwa kazi hiyo ya kuwadanganya kuku wenzake, sijaona kitu kinachoizidi.

Siku ya nne alidai chakula. Kufikia ya kumi na tisa ngozi mpya ilikuwa imefunga, nyembamba na ya waridi, bila mshono hata mmoja. Jogoo nimemsugua kucha kwa tupa na anaishi peke yake kwa sasa.

Ukiinunua, vaa glavu. Vidole vyangu vilikaa zambarau siku nne. Na tundu la kupulizia huziba baada ya matumizi mawili matatu, lichomoe ulioshe kwa maji ya moto kabla hujamshika kuku, si baada ya kumshika.