Kozi za kupanda na begi Mlima Kenya: soma orodha ya vifaa kabla ya kulipa

Kozi nyingi za siku nne au tano hutangaza bei ya mafunzo, na orodha ya vifaa hutumwa ukishalipa. Hapo ndipo bajeti huvunjika. Itake mapema, iwe na vipimo.

Orodha nzuri haiandiki "mfuko wa kulalia" ikaishia hapo. Kambi ya Shipton, ya kulala mlimani humo, iko mita 4,200 hivi na usiku maji huganda, kwa hiyo orodha hiyo itataja mfuko wa nyuzi joto hasi 10 au chini. Kwenye lebo ya mfuko angalia namba mbili: ya kulala kwa raha na ya kikomo cha kuvumilia baridi. Wakodishaji hukutajia ya pili, maana inavutia zaidi. Wewe chagua kwa ile ya kwanza. Bila mkeka wa povu, hata mfuko mzuri haufai kitu. Ubaridi hupanda kutoka chini.

Begi lita 60 hadi 70, na mzigo usizidi robo ya uzito wako: mwenye kilo 60 abebe 15, maji yakiwemo.

Buti za kukodi ndizo zenye hila. Bonyeza soli ya kati (tabaka laini lililo juu ya soli ya kukanyagia) kwa kidole gumba: ikimeguka kama biskuti, rudisha, kwani itabanduka njiani hata kama ngozi inang'aa.

Chupa za maji za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye hifadhi za Kenya tangu Juni 2020, lakini orodha nyingine bado zinazitaja. Orodha ya hivyo haijaguswa miaka. Ipe alama mbili kati ya tano.