Ati Ngozi Yangu Ndiyo Inayoharibu Manukato

Ninaandika nikiwa bado na hasira, na ni haki msomaji alijue hilo mapema. Hivi majuzi nilimwandikia muuzaji wa mafuta ya manukato yaliyotengenezwa kwa machungwa na majani yenye harufu, nikamuuliza kwa adabu kwa nini ile harufu ya machungwa iliyonivutia hadi nikayanunua hutoweka upesi kiasi hiki, na kwa nini inayobaki nyuma yake hunukia dawa. Jibu lilikuja haraka: “Dada yangu, mafuta yetu hayana kasoro. Ngozi yako ndiyo inayoyaharibu.” Hakuuliza nimeyapaka sehemu gani ya mwili, hakuuliza kama ngozi yangu ni kavu au ya mafuta, wala hakutaka kujua chupa nimeihifadhi wapi. Alitoa hukumu, kisha akamalizia kwa alama ya tabasamu. Harufu iliyopotea ningeweza kuivumilia. Lile tabasamu limenishinda.

Hata hivyo, siwezi kusema uongo kuhusu mwanzo wake. Mafuta haya yanapogusa ngozi, harufu inayotoka ni safi, kali na yenye ukakasi wa ganda lililomenywa sasa hivi: limau kwanza, kisha bergamoti, lile tunda la jamii ya michungwa linalolimwa zaidi huko Calabria, kusini mwa Italia, ambalo uchachu wake una utamu wa maua ndani yake. Chini ya matunda hayo kuna rosemari na mrihani, na kwa muda huo mfupi majani hayashindani na machungwa bali huyapa ubichi, ili yasije yakanukia peremende. Nimewahi kutumia manukato mengi ya aina hii, mengine ya bei ya kutisha, na sijapata mwanzo ulio bora kuliko huu. Kwa dakika hizo peke yake ningetoa nyota zote tano na kuuliza ya sita iko wapi.

Kisha mambo huanza kubadilika. Anayefahamu manukato anajua kwamba machungwa hayakai. Mafuta yanayokamuliwa kwenye maganda yake yamejaa limonini, kemikali ya asili yenye harufu ya ganda, ambayo katika mafuta ya chungwa tamu hupita asilimia 90, na kwa kuwa molekuli zake ni ndogo na nyepesi, joto la ngozi peke yake linatosha kuzirusha hewani kabla ya karibu kila kitu kingine kilichomo chupani. Bergamoti hustahimili kidogo zaidi, kwa sababu limonini yake ni pungufu na imeandamana na linaloli na asetati ya linalili, kemikali nyingine mbili za harufu ambazo hupatikana kwa wingi katika lavenda pia, lakini nayo haina maisha marefu. Mafuta yanayobeba manukato, yawe ya jojoba au ya nazi, hupunguza kasi hiyo, maana hayapeperuki kama alkoholi. Ndiyo sababu wengine wetu huchagua mafuta ya kupaka badala ya manukato ya kupuliza. Lakini kupunguza kasi si kuzuia, na sikuwahi kutarajia limau linukie hadi jioni. Nilitarajia tu kwamba litakapoondoka, kutakuwa na kitu kilichoandaliwa kulipokea.

Hakikuandaliwa chochote, na hapa ndipo mafuta haya yanapoanguka kifudifudi. Baada ya nusu saa hivi, wakati machungwa yamekwisha kukonda, rosemari hubaki peke yake ikiwa imevuliwa kila kilichokuwa kikiipendeza. Harufu ya rosemari inatokana kwa sehemu kubwa na sineoli, kemikali ambayo ndiyo hasa inayonusika katika mikaratusi, pamoja na kafuri. Vikikaa na limau, vitu hivyo huburudisha; vikiachwa bila limau, hunukia dawa ya kuchua kifua. Sitii chumvi. Mwenzangu mmoja kazini aliinamia meza yangu na kuniuliza kwa huruma ya kweli kama nimeshikwa na mafua, na akaahidi kuniletea chai ya tangawizi. Mrihani nao, badala ya kuokoa hali, huacha nyuma yake ukali unaokaribia karafuu, kwa hiyo dawa ile ya kuchua hupata na viungo juu yake. Hali hiyo haipiti haraka kama limau lilivyopita. Inakaa. Inakaa muda mrefu kiasi kwamba mtu anayekutana nami mchana atadhani kwamba hayo ndiyo manukato niliyoyachagua, na kwamba niliyachagua kwa makusudi.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba dawa ya tatizo hili inajulikana na si ya siri. Mtengenezaji anayejali huweka kitu cha kati kinachofanana na machungwa lakini kinachokawia kuruka. Yapo mafuta yanayotolewa kwenye majani na vijiti vya mchungwa mchachu, ambayo hurithi uchungu wa tunda na kuuendeleza. Ipo neroli, itokayo kwenye maua ya mti huohuo. Ipo lavenda, ambayo huziba pengo kati ya bergamoti na rosemari kwa sababu ina undugu na zote mbili. Hata mchaichai, ukitiwa kwa mkono mwepesi, huirefusha harufu ya limau, kwa sababu sitrali, kemikali ya harufu iliyomo ndani yake, ndiyo pia inayolipa limau tabia yake. Katika mafuta haya nimetafuta daraja la aina hiyo kwa pua yangu yote na sijaliona. Unaondoka kwenye ganda la limau na kutua moja kwa moja kwenye kafuri.

Sasa nirudi kwenye ngozi yangu, ambayo imeshtakiwa bila kusikilizwa. Ni kweli kwamba ngozi hubadilisha manukato, na anayesema haibadilishi hajawahi kuazimana chupa na mtu mwingine. Ngozi kavu hupoteza harufu upesi kuliko ngozi yenye mafuta yake ya asili. Mahali penye joto, kama shingoni na kwenye kiwiko kwa ndani, harufu hupanda kwa nguvu na kumalizika mapema. Na jasho huongeza lake. Kwa sababu hiyo nilijaribu kwa haki. Nilipaka losheni isiyo na harufu kwanza, na machungwa yakakaa kidogo zaidi, si kwa kiasi cha kujivunia. Niliacha kusugua viganja, kwa kuwa msuguano huongeza joto na kuwahisha kile kinachotaka kukawia. Nilitoka chumbani na kurudi baadaye, maana pua huzoea harufu na kuacha kuisikia ilhali wengine bado wanaisikia. Nilimpaka pia mdogo wangu, ambaye ngozi yake ni ya mafuta kiasi kwamba manukato mengine humkaa hadi kesho yake. Kwake limau lilichelewa kuondoka, nakubali, lakini lilipoondoka, ile dawa ya kuchua ilijitokeza vilevile, na akaenda kunawa kabla sijamwuliza maoni yake.

Mwisho nilidondosha mafuta hayo kwenye kipande cha karatasi. Karatasi haina joto la mwili, haina jasho wala mafuta yake, na hakuna muuzaji anayeweza kuilaumu kwa maumbile yake. Mabadiliko yalichukua muda mrefu zaidi, kama ilivyotarajiwa, lakini mpangilio ulikuwa uleule: limau, bergamoti, kisha lile pengo, kisha kafuri. Kama ngozi yangu ndiyo inayoyaharibu, basi karatasi nayo ina ngozi kama yangu. Nilimtumia muuzaji maelezo hayo yote kwa utulivu. Akanijibu kwamba manukato ya asili “yana maisha yake” na kwamba wateja wake wengine wameridhika, kana kwamba kuridhika kwa wengine ni kitu ninachoweza kujipaka shingoni.

Niseme pia kwamba harufu fupi si aibu. Biashara ya familia ya Farina ilianzishwa mjini Köln, Ujerumani, mwaka 1709, na maji ya manukato ya Johann Maria Farina yalisimama juu ya bergamoti na matunda mengine ya jamii ya machungwa. Manukato ya ukoo huo hutumiwa kwa kujimwagia na kurudia mara kwa mara mchana kutwa, na hakuna anayedanganywa kuhusu muda wake. Lakini muuzaji wangu aliandika kwenye maelezo yake kwamba machungwa “yanadumu siku nzima”, na hapo ndipo ufupi unapogeuka kuwa kosa. Angeandika kwamba yanafaa kwa nusu saa ya kwanza ya asubuhi, ningenunua vilevile, na pengine nisingekuwa nimeketi hapa nikiandika haya.

Inanibidi sasa niseme jambo litakalovuruga kila nililolisema. Saa kadhaa baadaye, ukiwa umekwisha kukata tamaa na kusahau, mafuta haya hufanya kitu kizuri sana. Kafuri hupungua, na chini yake hujitokeza harufu kavu, ya joto, yenye udongo na utomvu, ambayo nadhani ni vetiveri, yaani mafuta ya mizizi ya nyasi, pamoja na labdanamu, utomvu wa kichaka, vitu vizito visivyoruka kwa urahisi na ambavyo watengenezaji huvitumia kushikilia vile vyepesi. Haipigi kelele. Inakaa karibu na ngozi, na mtu akitaka kuinusa ni lazima asogee. Inanifanya nijiulize kama nimekuwa mkali kupita kiasi, kwa sababu manukato yenye mwanzo kama ule na mwisho kama huu hayawezi kuitwa mabaya, hata kama katikati yake kuna aibu. Kwenye mtandio, ambako joto ni pungufu, katikati hiyo hulainika na kuwa kitu kinachovumilika, na ule mwisho nimeukuta bado upo siku iliyofuata. Kwa muda nilikuwa nimeshaamua nitoe nyota tatu na kuwashauri watu wayapake kwenye nguo nyeusi ambayo haitaonyesha doa.

Ndipo nilipoiangalia chupa vizuri, na nyota hizo zikaanza kupukutika. Ni chupa ya kioo cheupe kinachopitisha mwanga wote, yenye kigololi cha kupakia ambacho kifuniko chake hakikazi sawasawa. Kwa mafuta mengine hilo lingekuwa dogo. Kwa machungwa si dogo hata kidogo, kwa sababu limonini ikikutana na hewa na mwanga huoza polepole. Ile harufu ya ganda hugeuka na kuelekea tapentaini, na vitu vinavyozaliwa katika kuoza huko huweza kuifanya ngozi ipate mzio kuliko limonini mbichi ifanyavyo. Mafuta kama haya hutakiwa kukaa kwenye kioo cha rangi ya kahawia au cha buluu iliyokolea, yakiwa yamefunikwa na mbali na joto. Mtu anayeyaweka kwenye kioo cheupe ili yapendeze kwenye picha, halafu akamwambia mteja kwamba ngozi yake ndiyo inayoyaharibu, ana ujasiri ambao sijui aliupata wapi.

Na kuna jua. Bergamoti iliyokamuliwa kwenye ganda bila kusafishwa ina bergapteni, kemikali ambayo ikiwa juu ya ngozi na kupigwa na mionzi ya jua inaweza kuunguza na kuacha madoa meusi yanayokaa kwa muda mrefu. Hilo halina mjadala: shirika la kimataifa la watengenezaji wa manukato, IFRA, limeweka kikomo cha asilimia 0.4 kwa mafuta hayo katika bidhaa zinazoachwa kwenye ngozi inayofikiwa na jua, na ipo bergamoti iliyoondolewa bergapteni ambayo watengenezaji makini huinunua. Limau na ndimu zilizokamuliwa baridi nazo zina vikomo vyake. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, limonini, linaloli na sitrali ni lazima zitajwe kwenye lebo ya bidhaa ya kupaka na kuacha zikizidi asilimia 0.001. Lebo ya chupa yangu inasema “machungwa, majani na upendo”. Haina neno moja kuhusu jua, na maelezo ya matumizi yanamwelekeza mteja apake shingoni na mikononi kabla ya kutoka nje.

Tangu nilipoisoma lebo hiyo, ninayapaka kwenye mtandio tu, na kusema kweli ninayapaka mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, kwa sababu ule mwanzo haujaacha kunivuta. Ninatoa nyota mbili: moja kwa dakika za kwanza, moja kwa jioni. Au niseme nyota moja, maana sioni kwa nini jioni nzuri ilipie lebo isiyoonya. Nimemwandikia muuzaji tena, safari hii nikimuuliza jambo moja tu, kama bergamoti aliyotumia imeondolewa bergapteni, na nikamwahidi kwamba akinijibu kwa ndiyo na kuiandika kwenye lebo, nitairudisha ile nyota ya pili siku hiyohiyo. Ujumbe ameusoma. Amenitumia picha ya chupa kubwa zaidi ya mafuta yaleyale, yenye punguzo la bei.